Siku tatu za kunyonga baiskeli kando ya Ziwa Champlain

Nianze na jibu, maana najua wengi wetu tunasoma mistari mitatu tukaondoka. Ukipita Burlington, mji wa jimbo la Vermont huko Marekani, wakati wa kiangazi na una nafasi ya saa nne, kodi baiskeli, elekea kaskazini, na usigeuze mpaka ufike kwenye tuta la mawe lililokatiza ziwani. Ukiishia kwenye bustani za ufukweni pale mjini utakuwa umekaa barazani tu, nyumbani hujaingia.

Burlington ndio mji mkubwa kuliko yote Vermont, na bado una watu kama 45,000 tu. Kwa mwenye baiskeli huo udogo ni neema: unatoka katikati ya mji, unashuka mteremko mmoja mkali, na tayari uko majini. Njia inaanzia Oakledge Park upande wa kusini, inafuata mwambao kwa kilomita 13 hivi mpaka Mto Winooski. Kipande hicho kinaitwa Burlington Greenway. Ukivuka mto uko Colchester, na njia nzima mpaka kisiwa cha South Hero, wanayoiita Island Line Trail, ni kama kilomita 22. Karibu yote ni tambarare, kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa reli, na treni haipendi vilima.

Siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilitoka Jumamosi saa tano asubuhi, jua limeshawaka, na pale Waterfront Park nilikuta mji mzima: watoto wa baiskeli za magurudumu matatu, mbwa wenye kamba ndefu kama za kuvulia, watu wa viatu vya magurudumu wanaorudi kinyumenyume. Kengele niliipiga mpaka kidole gumba kikachoka. Desturi ya pale ni kukaa kulia, na ukitaka kumpita mtu unamwambia mapema kwamba unapita kushoto kwake. Wanaotii ni nusu. Tena angalia reli: barabara zinazoshuka ziwani zinazikata, na treni bado zipo, ile ya abiria kutoka New York ilianza kufika hapo mwaka 2022. Reli ivuke ukiwa umeinyoosha baiskeli sawasawa. Ukiikata kimshazari, gurudumu linaingia kwenye ufa na wewe unakwenda chini.

Balaa jingine lilikuwa kiti. Baiskeli niliyokodi (duka silitaji) ilikuwa na breki nzuri na gia laini, ila kila nikienda mita mia kadhaa kiti kinazama, mpaka magoti yakawa yananipanda kifuani kama niliyepanda baiskeli ya mtoto. Nilisimama mara tano nikikipandisha. Mara ya sita mama mmoja mtu mzima, naye na baiskeli yake, akasimama, akafungua ile klipu ya chini ya kiti, akaizungusha nati ya upande wa pili nusu mzunguko, kisha akaniambia niifunge mwenyewe. Ilikuwa ngumu, ikaniachia alama nyekundu kiganjani. Akasema ndivyo inavyotakiwa: ikifungika bila kukuumiza mkono, haijashika. Halafu akazungushia kipande cha utepe mweusi pale bomba la kiti linapoingia kwenye fremu, ili nione likianza kuzama. Nilijiona mjinga, lakini huo ufundi sitausahau.

Basi siku hiyo sikufika mbali, nikakaa kwenye benchi nikitazama maji na milima ya Adirondack ng'ambo, ambayo iko jimbo la New York. Zamani pale nilipokaa hapakuwa pa kukaa. Ufukwe huu ulikuwa wa matangi ya mafuta, makaa ya mawe na reli, na miaka ya 1980 watu walivutana kweli juu ya nani aujenge na ajenge nini. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Vermont ikaamua kwamba ardhi iliyopatikana kwa kulijaza ziwa lazima itumike kwa manufaa ya umma. Ndiyo maana leo mtu wa mkoba mdogo kama mimi anapita hapo bila kuulizwa.

Siku ya pili ya kunyonga nilingoja wikendi ipite, nikatoka saa moja asubuhi, siku ya kazi. Tofauti kama usiku na mchana. North Beach na Leddy Park nilizipita nikiwa na wakimbiaji wachache tu, nikavuka daraja la Winooski, nikaingia kwenye kinamasi ambako njia ni ya mbao na kila ubao una mlio wake chini ya tairi. Ukichepuka kwenye majani hapo, kagua miguu baadaye. Vermont ina kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme. Jaza chupa ya maji kabla ya kuendelea, kwa sababu kule juu ya tuta hakuna bomba wala kivuli.

Halafu miti inaisha ghafla, na uko juu ya tuta. Lilijengwa kwa ajili ya treni karibu na mwaka 1900, kingo zake ni mabonge ya marumaru, meupe mpaka unafumba macho jua likipiga. Juu ni changarawe iliyoshindiliwa. Tairi nyembamba sana za mbio zitakutetemesha meno, za kawaida hazina shida. Asubuhi ile kulia maji yalikuwa yametulia kama ya beseni, kushoto mawimbi yanagonga mawe na kunirushia matone usoni. Nililamba mdomo nikitegemea chumvi, nikakumbuka ni ziwa. Mwaka 2011 ziwa hili lilifurika likavunjavunja tuta lenyewe, wakalijenga upya.

Nilikuwa naruka tu, nikajisifu kwamba mazoezi yameanza kulipa. Kumbe upepo wa kusini ulikuwa mgongoni. Nilipogeuza ndipo nilipojua kazi: gia ya chini kabisa, kichwa chini, na kila nikiinua macho ukingo wa miti uko palepale. Kwa hiyo angalia bendera kabla hujatoka. Ukiona upepo unavuma kutoka kusini, weka akiba ya nguvu ya kurudia.

Na kwa nini niligeuza? Tuta limekatika mahali, pengo kama la mita 60 la kupitisha mashua, ambapo enzi za treni palikuwa na daraja la kufunguka. Sasa unavushwa na kivuko kidogo cha baiskeli, na siku ile upepo ulikizuia. Kinafanya kazi kwa msimu, na hali ya hewa ikichafuka hakitoki. Ulizia kabla hujatoka mjini, si ukiwa umeshafika ukingoni kama mimi. Nyota moja naikata hapo, ingawa kosa lilikuwa langu pia: natoa nne kati ya tano.

Siku ya tatu hewa ilitulia, nikavuka. Kijana wa kivukoni aliichukua baiskeli kwa mkono mmoja, akaiegemeza kwenye reli ya mashua, na kabla sijamaliza kunywa maji tumeshafika ng'ambo. Nilizunguka South Hero kidogo kwenye barabara za mashambani, magari machache, kisha nikarudi polepole. Duka lilikuwa linakaribia kufunga nilipofika. Kabla sijaikabidhi baiskeli nilichungulia chini ya kiti: utepe mweusi ulikuwa palepale alipouweka yule mama.