Antivirusi za kununua, kuanzia iliyo rahisi kuachana nayo

Malalamiko yanayonifikia yana sura moja. Mtu yuko Facebook au Instagram, anapita zake, mara tangazo: "Simu yako imeshambuliwa! Jilinde BURE siku 30." Anabonyeza. Anaombwa namba ya kadi ya benki, eti kwa uthibitisho tu. Wiki inapita, ile programu inamchosha, anaifuta na kusahau. Halafu siku anakagua miamala yake, anakuta kampuni yenye jina asilolijua imekuwa ikimkata kila mwezi. Ndipo ananiandikia: sasa dada, ninunue ipi?

Nitawapangia, ila msitegemee niwalinganishie kasi na idadi ya virusi vinavyonaswa. Kazi hiyo ina wenyewe. AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, wanapima programu hizi mwaka hadi mwaka na matokeo yao yanasomwa bure. Ukiangalia kampuni kubwa, tofauti kati yao si ya kukukosesha usingizi. Kinachowaliza watu ni kutoka. Siku nikitaka kuacha, mlango uko wapi? Nani amebaki na namba ya kadi yangu, na atanikata tena bila kuniuliza?

Kwanza tulitazame hilo tangazo, maana ukilitazama vizuri utacheka. Unabonyeza, ukurasa unafunguka, mstari unajaa asilimia 20, 60, 100, kisha inakuja orodha nyekundu ya virusi "vilivyopatikana". Ukurasa wa wavuti hauwezi kuingia kwenye simu yako na kukagua mafaili. Unachokiona kikisogea ni mchoro tu, na kila anayefungua anachorewa huohuo. Upo mmoja nilioonyeshwa uliodai kirusi kimejificha kwenye "Drive C", jina la diski ya kompyuta za Windows, na mwenye malalamiko anatumia simu ya Android! Sasa teremka chini ya kile kitufe kikubwa cha kijani. Kuna maandishi ya kijivu, madogo kama sisimizi: kipindi cha majaribio kikiisha utatozwa bei kamili, na utaendelea kutozwa mpaka utakapositisha. Hapo ndipo biashara ilipo. Programu yenyewe wala haiwahangaishi.

Msidhani naongelea vibaka wa vichochoroni peke yao. Mwaka 2017, ndani ya App Store ya Apple, iligundulika programu iliyojiita Mobile protection :Clean & Security VPN ikitoa jaribio la bure. Ukigusa kwa kidole kukubali, baada ya jaribio unakatwa dola 99.99 kwa wiki. Kwa wiki, jamani! Na iliahidi kukagua virusi kwenye iPhone, ambako programu moja hairuhusiwi kabisa kuzichungulia nyingine. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilizibana Restoro na Reimage, kampuni mbili za Cyprus, zikakubali kulipa dola milioni 26 kwa tuhuma za kuwatisha watu kwa maonyo ya uongo yaliyojifanya yametoka kwenye Windows.

Haya, orodha yangu.

Ya kwanza ni Microsoft Defender, na hiyo hununui. Imo tayari ndani ya Windows 10 na 11, haiombi kadi, haina tarehe ya kuisha. Ukisakinisha antivirusi nyingine inakaa pembeni, ukiiondoa hiyo nyingine inarudi kazini yenyewe. Kwa mtu wa kazi za kawaida, anayesasisha kompyuta yake na asiyepakua programu zilizovunjwa leseni, inatosha. Ila kama bado uko Windows 10, kumbuka Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna antivirusi itakayoziba matundu ya Windows yenyewe. Pesa ya antivirusi iweke kwenye kuhama.

Ya pili, ukitaka kulipia, ni ESET. Nina upendeleo nayo na sifichi. Ni kampuni ya Bratislava, Slovakia, ipo tangu 1992, na programu yake ni nyepesi kiasi kwamba kompyuta nzee haipumui kwa shida. Lakini nilichoipendea ni jaribio lake. Siku 30 unazipata kwa barua pepe, bila kadi. Siku ya 31 ikifika hakuna pesa inayokatwa kwa sababu hawana pa kukatia. Programu inaacha kupokea masasisho, inakukumbusha, basi. Unaamua ukiwa na akili zako. Ukija kununua, angalia kwenye akaunti yako kama usajili umewekwa ujiendeleze wenyewe, uuzime siku hiyohiyo. Ukizima, ulinzi ulioulipia hauondoki, unaendelea mpaka mwaka wako uishe. Watu wengi wanaogopa kuuzima wakidhani wanapoteza walicholipia.

Ya tatu Bitdefender, ya Romania. Kwenye vipimo vya maabara inafanya vizuri miaka nenda rudi, na angepanga mtu mwingine huenda angeiweka juu ya ESET. Mimi matangazo yake ya "ongeza hiki, nunua na kile" yananichosha.

Norton na McAfee zinalinda, sibishi. Ila historia yao ya kukata pesa ndiyo inayonifanya niziweke huku chini. Mwaka 2009 mwanasheria mkuu wa New York alizitoza McAfee na Symantec, waliokuwa wenye Norton wakati huo, dola 375,000 kila moja kwa kuwakata wateja upya bila kuwaeleza vizuri. Mwaka 2021 mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ikazibana tena kampuni zote mbili juu ya jambo lilelile, zikaahidi kuwarejeshea pesa watu waliokatwa bila kutaka. Miaka 12, kosa ni lilelile. Na hiyo bei ya mwaka wa kwanza wanayoipigia tarumbeta, "punguzo kubwa leo tu", ni ya mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili unakuja na bei ambayo hukuonyeshwa kwa herufi kubwa. Mteja wa zamani, aliyekaa nao bila kusumbua, ndiye analipa zaidi ya mgeni aliyeingia jana! Sijui biashara nyingine inayomwadhibu mtu kwa uaminifu kiasi hicho.

Za bure kama Avast nitazipitia haraka. Avast ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti wanazotembelea watumiaji wake kupitia kampuni yake tanzu, Jumpshot, na mwaka 2024 FTC ikaitoza dola milioni 16.5. Sina la kuongeza.

Kwenye simu za Android hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2019 AV-Comparatives walijaribu programu 250 zinazojiita antivirusi. Ni 80 tu zilizoweza kunasa zaidi ya asilimia 30 ya programu hatari walizowekewa. Nyingine zilikuwa hazikagui chochote: zina orodha ya majina ya programu zinazoruhusiwa, na lolote lisilo kwenye orodha linaitwa hatari. Chache zilisahau kujiandika kwenye orodha hiyo zikajitangaza zenyewe kuwa kirusi. Mwaka 2022 pia zilikutwa kwenye Google Play programu zilizojifanya antivirusi huku zimebeba SharkBot, ya kuiba pesa za benki. Acha Play Protect, ulinzi wa Google uliomo ndani ya duka la Play, iwe imewashwa, usipakue kitu nje ya duka, na hilo tangazo lipite.

Ukishasakinisha antivirusi yoyote kwenye kompyuta, ijaribu kwa faili la EICAR. Ni herufi 68 tu, halina madhara, limetengenezwa ili antivirusi ipige kelele ikiliona. Ikinyamaza, iondoe. Ikipiga kelele hujamaliza, kwa sababu tapeli naye anaweza kuifundisha programu yake hilo moja.

Na kwa wale ambao kadi imeshakwenda: kufuta programu hakusitishi malipo. Kama ulilipia kupitia Google Play, fungua duka, gusa picha yako, nenda kwenye malipo na usajili, sitisha hapo. Kwenye iPhone ni Settings, jina lako, kisha Subscriptions. Kama uliandika namba ya kadi moja kwa moja kwenye tovuti yao, usipoteze muda kuwaandikia barua pepe. Piga simu benki, kwa namba iliyo nyuma ya kadi, waambie waifunge kadi hiyo na wakupe nyingine, na pinga miamala iliyokwishapita mapema, maana benki zina ukomo wa muda wa kupokea pingamizi. Piga picha ule ukurasa wa tangazo ukiwa bado upo, na maandishi ya kijivu yaonekane.