Uzoefu wangu na sinema inayojisifu kwa filamu za 35mm: websaiti yao na namna wanavyopitisha mkanda

Kuna kampuni moja huku Marekani yenye majumba ya sinema miji kadhaa, jina silitaji, na siku hizi wamerudisha filamu ya mkanda, 35mm ya ukweli, mara moja moja hata 70mm (namba hizo ni upana wa mkanda). Kwa mimi hii si habari ndogo. Nimefanya kazi ya opareta, yaani mwendesha projekta, Mombasa mjini enzi zile sinema za Naaz na Regal zinajaa mpaka watu wanasimama ukutani, alafu nikaja kufanya tena huku mpaka digitali ilipoingia kwa nguvu miaka ya 2012 na 2013 tukaambiwa mashine zinatolewa na sisi pia tutoke. Kwa hiyo nikiona mtu amerudisha projekta ya mkanda, amenunua taa ya zenoni, amelipia usafiri wa rili nzito kutoka kwa wasambazaji, mimi moyo unafurahi kabla hata sijajua anaonyesha nini. Ndo maana nataka kuandika hili vizuri, nisiwavunje moyo lakini pia nisiwafiche.

Nianze na websaiti. Ukifungua inakupokea video kubwa inayojaza skrini nzima, inaanza yenyewe na sauti juu, na ratiba ya filamu iko chini huko mpaka uisake. Ukishaipata inakuuliza uko mji gani, unachagua, unabonyeza filamu, inakuuliza tena mji gani. Sasa kwenye ratiba wameweka kialama cha 35mm, sawa, nzuri, lakini filamu ileile siku ileile inaonyeshwa kumbi mbili, moja mkanda na nyingine digitali, na ukishafika kwenye ukurasa wa kuchagua siti ile alama imepotea, hujui tena uko ukumbi upi mpaka ulipe na tiketi ije kwenye email. Mtu anayesafiri saa nzima kwa ajili ya mkanda anaweza kabisa kukalishwa mbele ya digitali na hela yake imeshaliwa. Na ile ada ya kubuku onlaini inajitokeza ukurasa wa mwisho kabisa, wakati dakika za kushikilia siti zinahesabiwa chini, we utafanya nini, unalipa tu.

Halafu hawasemi mambo ambayo mpenzi wa mkanda anataka kujua. Kopi ina hali gani? Inaendeshwa kwa projekta mbili zinazopokezana au rili zote zimeungwa ziwe mkanda mmoja kwenye sahani, lile duara kubwa lililolala? Sauti ni ile ya mstari wa pembeni au digitali ya kati ya matundu ya kingo za mkanda? Hivi ni vitu vya mistari miwili tu, mtu wa chumba cha mashine anavijua kichwani, hakuna gharama yoyote kuviandika. Badala yake wamejaza maneno matamu kuhusu joto la filamu na uchawi wa filamu, na picha kubwa ya projekta ambayo imegeuzwa kushoto kulia, herufi za mtengenezaji kwenye mlango wa mashine zinasomeka kinyume. Mtu aliyewahi kusimama kwenye ile mashine usiku kucha analiona hilo kabla hajasoma neno lolote.

Sasa nije kwenye video ya kupitisha mkanda, maana hapa ndo penyewe. Wana video fupi ukurasa wa 35mm, kijana anapitisha mkanda kwenye projekta, muziki mzuri, kamera karibu sana. Niliitazama nikairudia, nikamtumia mzee wangu mmoja wa Tanga ambaye alikuwa opareta Dar na Zanzibar miaka ya zamani, sasa anakaa Canada kwa mwanawe. Nikamwandikia shikamoo mzee, hebu itazame hii alafu uniambie umeona nini. Hajachelewa, akanitumia voisi: "Marahaba mwanangu. Huyu hajapitisha mkanda, huyu anauburuza. Na lupu ya chini iko wapi? Mimi naona mkanda umevutwa kama kamba ya kuanikia nguo."

Na ni kweli. Kwa ambaye hajawahi kuona, mkanda unashuka toka rili ya juu, unaingia kwenye gia ya meno ya juu, kibana kinafungwa, alafu unaacha lupu, yaani mkunjo uliolegea, ndo unaingia getini mbele ya taa. Chini ya geti kuna gia ndogo ya meno 16, hii ndo inavuta kwa vishindo, fremu moja, yaani picha moja, inasimama, fremu moja inasimama, mara 24 kila sekunde, inaendeshwa na ule msalaba wa Malta, kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, uliolala ndani ya mafuta. Lakini gia ya juu na gia ya chini hazisimami hata kidogo, zenyewe zinazunguka mfululizo. Kati ya kinachozunguka bila kusimama na kinachosimama mara 24 kwa sekunde lazima pawe na nafasi ya kuchezea, na hiyo nafasi ndo lupu, ya juu na ya chini. Ukiibana, mkanda unagombana na meno, matundu yanaanza kupasuka pembeni, na mwisho lupu inapotea kabisa na picha inaruka juu chini kwenye skrini mbele za watu.

Lupu ya chini ina kazi ya pili ambayo vijana wengi hawaambiwi. Sauti haikuchapwa sambamba na picha yake, imechapwa mbele kwa fremu 20 hivi, kwa sababu kisoma sauti kiko chini, mkanda unakifikia baada ya kutoka getini. Urefu wa mkanda toka getini mpaka pale kwenye ngoma ya sauti ndo unaoamua kama midomo na maneno vinaenda pamoja. Kwa hiyo lupu ikizidi fremu kadhaa au ikipungua, mtu anafungua mdomo na neno lake linakuja kwa wakati wake lenyewe. Kosa la fremu moja watu hawalioni, zikifika nne tano hata mtoto anahisi kuna kitu hakiko sawa ingawa hawezi kusema ni nini.

Kwenye ile video kijana anashika mkanda katikati, kidole gumba juu ya picha kabisa. Mkanda unashikwa kingo, tena kwa wepesi, hasa upande wenye dawa, ule usiong'aa, manake ndo unaobeba picha yenyewe. Lida, yaani kipande cha mwanzo cha mkanda kabla ya picha, imelala sakafuni anaivuta juu ya vumbi. Anafunga geti bila kuangalia kama matundu yamekaa kwenye meno. Na kilichoniuma zaidi, hazungushi ile nobu ya kuzungushia mashine polepole kwa mkono, anabonyeza mota moja kwa moja. Tulivyofundishwa sisi, ukimaliza kupitisha unazungusha kwa mkono mizunguko kadhaa, unaangalia lupu ya juu inapumua, ya chini inapumua, hakuna kinachogusa chuma, ndo unawasha mota. Hii haichukui hata nusu dakika. Zamani mkanda wa asetati ukikwama ulikuwa unakatika, unaunga unaendelea, watu wanapiga miluzi kidogo yanaisha. Kopi za toka miaka ya tisini ni polyesta, hazikatiki, mkanda ukikwama kinachoumia ni mashine yenyewe, na spea za hizo mashine leo unazipata wapi?

Tena ukitazama vizuri mashine inayopitishwa mkanda si ile inayoonyeshwa ikizunguka baadae. Ya kwanza ina rili ya kupokea chini, ya pili mkanda unatoka kwenye sahani. Wameunganisha vipande viwili. Labda kwa anayetengeneza video haina shida lakini kwa anayejifunza ina shida kubwa.

Basi nikabuku nikaenda, manake sitaki kuhukumu ukumbi kwa video. Na niseme ukweli nilichokiona. Mwanga ulikuwa mzuri sana, umeenea skrini nzima mpaka pembeni, fokasi kali, pazia za pembeni zimevutwa sawasawa na upana wa picha, kitu ambacho kumbi nyingi za digitali wameacha kabisa. Rangi nyeusi ilikuwa nyeusi. Wahudumu wazuri. Wanaendesha kwa projekta mbili, rili za futi 2000, dakika 20 hivi kila moja, na alama za kubadilisha, yale madoa pembeni juu kulia, ya kwanza ya kuwasha mota na ya pili ya kubadilisha, aliyekuwa juu alizipiga vizuri, mwenye macho ya kawaida asingejua rili imebadilika. Hapo nilimpigia makofi kimoyomoyo.

Lakini rili ya kwanza maneno yalikuwa hayaendi na midomo. Nikadhani labda ni mimi. Rili ya pili ikaingia, safi kabisa. Ya tatu, tatizo limerudi. Ya nne safi. Kwa opareta hii habari inatosha, rili za witiri ziko mashine moja na za shufwa mashine nyingine, kwa hiyo kopi haina kosa, kosa liko kwenye lupu ya chini ya ile mashine ya kwanza. Na hizohizo rili za tatizo zina mchirizi mwembamba wa kijani upande wa kulia, unakuja unapotea unakuja. Kijani manake dawa imekwaruzwa juujuu, tabaka la juu la rangi kwenye kopi ndo limeondoka, ikizama zaidi mchirizi unageuka njano, ikifika mwisho inakuwa nyeupe. Yaani ile kopi bado inaweza kuokolewa ikiwa mtu atatafuta leo hii ni kitu gani kinaikwaruza.

Filamu ilipoisha nikaomba kuongea na aliyekuwa juu. Akashuka kijana mpole kweli, ananiita sir, nikamwambia niite uncle inatosha. Nikamuuliza nani alikufundisha, akasema alifundishwa na mwenzake aliyeondoka, na huyo mwenzake alijifunza kwa ile video ya websaiti. Hapo ndo nikaelewa vyote. Watu wa masoko walitengeneza kitu cha kupendeza macho, kikageuka kuwa darasa, na darasa likafika mpaka kwenye kopi ambayo pengine zimebaki chache. Kupanda chumba cha mashine hawakuniruhusu, mambo ya bima, sawa naelewa. Nikachukua risiti ndefu ya bisi na soda nikaizungusha kwenye vidole vyangu, nikamuonyesha hapa ni geti, hapa ni ile gia inayovuta, hapa ni ngoma ya sauti, sasa vuta, umeona inavyokaza? Legeza. Vuta tena. Akacheka, akaishika mwenyewe akarudia, alafu akaniuliza swali ambalo mtu asiyependa kazi haulizi: nitajuaje lupu ni ya kutosha kama mashine zenyewe zinatofautiana? Nikamwambia angalia kwenye mwili wa mashine, nyingi zina alama ya mwongozo wa lupu, na kama imefutika piga rili ya majaribio yenye mtu anaongea kwa karibu, rekebisha mpaka midomo ikae, alafu weka alama yako mwenyewe kwa rangi.

Nilipomsimulia mzee akafurahi, akanikumbusha vile Zanzibar walivyokuwa wanagawana kopi moja sinema mbili, kijana anabeba rili kwa baiskeli toka ukumbi huu kwenda ule, rili ya kwanza ikiisha hapa inakimbizwa kule, na opareta wa kule akikwaruza wa huku ndo anatukanwa na watazamaji. Akasema hivo ndo walijifunza adabu ya mkanda, kwa sababu haukuwa wako peke yako. Nadhani hawa vijana wanahitaji mtu wa kuwaambia hivo, na wazee wa kazi hii bado wapo, hata kwenye miji ya hao hao wenye sinema, wakiitwa kwa heshima watakuja.

Niliwaandikia kampuni kupitia fomu ya websaiti, nikaeleza lupu, vidole, nobu, picha iliyogeuzwa, na alama ya 35mm inayopotea. Jibu lililokuja ni la mashine, asante kwa maoni yako. Video mpaka sasa ipo. Ila nilirudi tena ukumbini na rili ya kwanza midomo ilikuwa imekaa, ya tatu pia, mchirizi wa kijani upo maana uliokwisha kukwaruzwa haurudi, lakini sikuona mpya.

Kwa hiyo websaiti naipa nyota mbili na ukumbi naupa nne. Mkiwa na hamu ya kwenda, ratiba tazameni onlaini lakini tiketi nunueni dirishani, ile ada hakuna, na mwambieni wa dirishani kabisa kwamba mnataka ukumbi wa mkanda, auandike kwenye tiketi. Kaeni theluthi ya nyuma katikati, na mkiona midomo haiendi na maneno msinung'unike kitini, tokeni mkamwambie mhudumu palepale, manake opareta akiwa juu na kelele za mashine mara nyingi hasikii kinachotokea ukumbini.