Unga wa Trichoderma kwa tangawizi na pilipili manga: unafaa, ila unataka samadi iliyoiva

Kwa mkulima wa tangawizi wa Same au wa pilipili manga wa Muheza anayepoteza mashina kila masika kwa kuoza, unga huu una thamani ya fedha yake, kwa sharti moja: usimwagwe shambani mkavu kama ulivyotoka paketini. Hii ni kuvu hai. Inahitaji chakula, unyevu na kivuli iongezeke, ndipo iwahi mizizi kabla ya vimelea vinavyoozesha, yaani Pythium kwenye tangawizi na Phytophthora kwenye pilipili manga.

Paketi nzuri huandikwa aina ya kuvu, idadi ya mbegu hai kwa gramu (chini ya milioni 2 usinunue), tarehe ya kuisha na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Kasoro kubwa ya bidhaa yenyewe ni kufia dukani: ikikaa miezi chini ya bati la moto, unauziwa unga mtupu. Ijaribu hivi. Weka wali uliopoa, usio na chumvi wala mafuta, kwenye gilasi mbili. Moja inyunyizie unga kidogo, nyingine iache. Funika kwa karatasi, weka kivulini. Siku ya tano ile yenye unga iwe imetanda ukungu wa kijani. Zikifanana, rudisha paketi.

Vipimo vya kuaminika ni vya Kerala, India, kwenye kilimo kikongwe cha viungo: samadi ya ng'ombe kilo 90, mashudu ya mwarobaini kilo 10, unga kilo 1 hadi 2. Samadi iwe imeiva, nyeusi, ukitia mkono ndani usisikie joto. Lundo linalofukuta huua kuvu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Nyunyiza maji mpaka konzi moja ukiliminya lishikamane bila kudondosha tone. Funika kwa magunia. Siku ya tano geuza. Utaona nyuzi nyeupe zinazoanza kuwa kijani. Siku tatu baadaye iko tayari. Ikinuka uvundo, maji yamezidi: itandaze ipumue, ongeza samadi kavu.

Tangawizi itoshe konzi moja kila shimo wakati wa kupanda. Pilipili manga ipate kilo 2 na nusu kwa shina mvua zinapoanza, juu ya udongo, chini ya matandazo. Usichimbie: jeraha la jembe kwenye mzizi ni mlango wa Phytophthora. Dawa ya ukungu usichanganye nayo. Acha wiki mbili katikati.

Mnyauko bakteria hauponi kwa unga huu. Kata shina lililonyauka, lisimamishe kwenye gilasi ya maji safi. Likitoa nyuzi nyeupe kama maziwa, ng'oa mmea pamoja na udongo wake, na msimu ujao usipande hapo tangawizi, nyanya wala bilinganya.