Tentation: vampaya wazuri mno, na mama mmoja mwenye rozari

Kitabu cha pili cha Twilight, mfululizo wa riwaya za mapenzi ya msichana na vampaya (kiumbe anayeishi kwa kunywa damu), kilitoka Marekani mwaka 2006 kwa jina New Moon. Sisi huku Lubumbashi tunakisoma kwa Kifaransa, Tentation. Nimekimaliza chote, kurasa zaidi ya 500, nyingi kwa tochi ya simu, maana umeme wa mtaani kwetu hurudi unapotaka wenyewe. Ambaye hajakisoma na hapendi kuhadithiwa, aishie hapa.

Mimi ni mtu mzima, mwandishi wake Stephenie Meyer hakuniandikia mimi. Aliwaandikia wasichana kama mdogo wangu, mwenye kitabu, ambaye ukimsema Edward, yule vampaya mpenzi, vibaya hakuongeleshi hadi kesho. Basi nimseme: ananichosha. Bella, mpenzi wake ambaye ni binadamu, anatimiza miaka 18, karatasi ya zawadi inamkata kidole, tone la damu linampandisha wazimu Jasper, vampaya wa familia ya Edward, na Edward anaamua kumwacha msichana wa watu kwa faida yake, bila kumuuliza. Eti ndiyo mapenzi.

Kinachofuata kimenigusa. Ukurasa una jina la mwezi tu: Oktoba. Unafunua, Novemba. Desemba. Januari. Mdogo wangu alidhani mtambo wa kuchapia uliruka. Kurasa hizo tupu zinasema huzuni kuliko zile zote ambamo Bella anatueleza kuwa kifuani ana shimo, na anatueleza kupita kiasi.

Halafu anakuja Jacob, rafiki wa Bella, wa kumtengenezea pikipiki mbili mbovu. Hapo kitabu kinapumua. Watu wanacheka, mikono ina grisi. Hata alipoanza kugeuka mbwa mwitu sikumchukia.

Ila vampaya wenyewe! Warembo, wana magari ya bei, wanakunywa damu ya wanyama. Mimi nimelelewa na nkambo wangu, mama wa mama, aliyekulia mji huu ungali Élisabethville. Hofu ya utoto wao ilikuwa batumbula: watu waliosemekana kuwanasa wenzao usiku kwa ajili ya wazungu, na ukinaswa hutarudi tena. Aliyekua na habari hizo, vampaya kijana anayemetameta juani atamtisha vipi?

Hadi nilipofika kwenye kurasa za mji wa Volterra. Edward anadhani Bella amekufa, anakwenda huko Italia kutafuta kifo kwa Volturi, watawala wa vampaya, Bella na Alice, dada wa Edward, wanamkimbilia kwa Porsche ya wizi; hayo yote ni sinema. Lakini wanaporuhusiwa kuondoka, wanapishana na kundi la watalii wanaoingizwa ndani na mwanamke mrembo, Heidi, vampaya wa Volturi. Watalii wana kamera, wanasifia chumba. Kati yao kuna mama mmoja mdogo wa umbo, rozari shingoni, ameukamata msalaba kwa nguvu. Anauliza kitu kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa. Bella na wenzake wanatoka, hawajafika mbali, mayowe yanaanza.

Damu hatuonyeshwi. Ilibidi nikiweke kitabu chini kwanza. Mama yule hana hata jina, na katika kitabu kizima ndiye peke yake niliyemwogopea. Hao ndio batumbula wa nkambo: wanakukaribisha kwa adabu, mlango unafungwa.

Sasa, mwandishi anayeweza hilo, mbona analiacha? Bella analia kidogo, wanapanda ndege, yanarudi yale yale ya nitakupenda milele. Nyumbani kwa akina Cullen, familia ya Edward, wanapiga kura kama ageuzwe naye awe vampaya, na asilimia kubwa ya mazungumzo ni lini na nani atamgeuza. Watalii wamesahauliwa. Edward anapinga, na Rosalie dada yake pia, ila Rosalie pekee ana sababu yenye akili, na wasomaji wengi wanamchukia.

Kifaransa chake ni chepesi, mwanafunzi wa sekondari atakimudu bila kamusi. Mfululizo unaendelea na kitabu cha tatu, Hésitation. Nitakisoma hicho cha kuazima, kwa ajili ya Jacob, ingawa mdogo wangu amekwisha kunidokezea kwamba Bella hatamchagua.