OCD na saikosisi: hofu au uhakika?

Mama mmoja wa Umoja amefunga gesi, amefika stejini, anarudi kuikagua tena na tena. Jirani yake hawashi jiko kabisa: anaamini mwenye nyumba ametia sumu kwenye mtungi. Kwa nje, wote wanaogopa gesi. Wa kwanza anajua hofu yake imepita kiasi, lakini asipokagua hatulii. Hiyo ni OCD, ugonjwa wa mawazo ya hofu yanayojirudia na kumlazimisha mtu kutenda jambo tena na tena. Wa pili hata umbadilishie mtungi hashawishiki, na hapo tunafikiria saikosisi, yaani akili kupoteza mguso na uhalisia.

Muulize mgonjwa: "Usipokagua, una uhakika gani kwamba kutatokea jambo?" "Labda" huelekeza kwenye OCD. Lakini swali hili halitoshi, maana wapo wenye OCD walioshika imani yao bila shaka yoyote. Kwa hiyo chunguza pia kama anasikia sauti wasizosikia wengine, au maneno yake hayashikani.

Kukosea hapa kunaumiza. OCD hutibiwa kwa mazoezi ya kukabili hofu bila kukagua, na dawa kama fluoksetini, mara nyingi miligramu 40 hadi 60 kwa siku, ikipewa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kama inasaidia. Saikosisi huhitaji dawa kama risperidoni.

Wengine wana yote mawili. Tena klozapini, dawa nzuri ya skizofrenia (ugonjwa wenye saikosisi) isiyosikia dawa nyingine, yaweza kuamsha OCD. Tafadhali usiikatize ghafla, saikosisi hurudi kwa nguvu. Mrudishe mgonjwa kliniki, Hospitali ya Mathari au kwingineko, daktari apime dozi. Akiongeza fluvoksamini, dawa nyingine ya OCD, awe mwangalifu sana: hupandisha klozapini kwenye damu.