K31 ya Uswisi: Utamu wa Kuvuta na Kusukuma, na Risasi Iliyonikwamia Mtutuni

Nilipoanza kuandika maelezo haya ya kuipima K31, bunduki ya zamani ya jeshi la Uswisi, siku chache baada ya tukio lenyewe, sentensi yangu ya kwanza ilikuwa inawaonya watu wasinunue kabisa bunduki yenye komeo (kile chuma kinachofunga risasi nyuma ya mtutu) la kuvuta moja kwa moja. Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili na kuirudisha mara moja, kwa hiyo msomaji asishangae akiona hukumu yangu inayumba. Hasira haijaisha, ila imehama mahali ilipokuwa imekaa.

Bunduki ya kwanza maishani mwangu ilikuwa SMG ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, ambayo baada ya kukokiwa mara moja hujikoki yenyewe mpaka risasi ziishe. Ya pili, miaka mingi baadaye huku Minnesota, ilikuwa Mauser ya jirani yangu anayewinda kulungu, na hiyo ndiyo iliyonifundisha subira: unainua mkono wa komeo, unavuta, unasukuma, unaushusha tena, na wakati huo wote jicho limekwisha kupoteza shabaha. Kisha mtu mmoja uwanjani akanikabidhi K31 yake nijaribu risasi sita. Unavuta, unasukuma, basi. Mkono haupandi wala haushuki, shavu halibanduki kwenye kitako, na komeo linateleza kama droo ya kabati lililotengenezwa na fundi anayejiheshimu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kuamua kununua ya kwangu, na mke wangu aliniambia baadaye kwamba usiku ule nilikuwa nikivuta na kusukuma hewa mezani kabla ya kula.

Sitaorodhesha vipimo, kwa kuwa kila mwenye simu anaweza kuvitafuta. Yatosha kusema kwamba Waswisi walianza na komeo la namna hii mwaka 1889, katika bunduki ya Rudolf Schmidt iliyotumia risasi za Eduard Rubin, na kwamba K31, iliyopokewa na jeshi lao mwaka 1931, ni mjukuu aliyefupishwa na kuimarishwa. Siri iko ndani: mkono unaouvuta umeungwa na ufito wenye jino, na jino hilo hupita katika mfereji uliojipinda kwenye mwili wa komeo, kwa hiyo chuma ndicho kinachozunguka badala ya kifundo cha mkono wako. Utamu huohuo ndio unaowafanya wawindaji wa nguruwe mwitu wa Ujerumani walipie fedha nyingi bunduki kama Blaser R8, maana nguruwe aliyekurupushwa hamngojei mtu. Wachezaji wa biathlon, wanaoteleza kwenye theluji kisha kusimama kulenga shabaha huku mapafu yakiwaka, huvuta komeo kwa kidole cha shahada na kulirudisha kwa dole gumba. Waingereza nao, ambao sheria ya mwaka 1988 iliwanyima bunduki nyingi zinazojikoki zenyewe, wameikimbilia njia hii kama mlango wa uani. Naelewa mapenzi yao wote, kwa kuwa hata mimi yalinishika.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa msimu ule majani yanapoanza kupukutika. Risasi za kijeshi za Kiswisi, zile GP11 zenye pete ya nta shingoni, zilikuwa zimeadimika, na duka moja nisilolitaja jina lilikuwa linauza risasi ilizozijaza lenyewe, zikiwa na vichwa vya kuwindia. Muuzaji alinihakikishia kwamba zinafaa kwa K31. Nilinunua sanduku la ishirini, nikaenda uwanjani, nikaweka risasi moja tu kwenye magazini ili niizoee, nikasukuma komeo. Liligoma kidogo mwishoni. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulizoea linavyokwenda kwa kasi, nililipiga kwa kiganja, nalo likafunga.

Kabla sijavuta triga, mzee anayesimamia uwanja akaamuru kila mtu aache kufyatua, kwa sababu mtu fulani alitaka kwenda kubadilisha karatasi ya shabaha. Kanuni ni kwamba makomeo yote yawe wazi. Nikavuta. Halikuja. Nikavuta tena, nikaegemeza bunduki pajani, nikavuta kwa mwili mzima kama mtu anayeng'oa kisiki cha muhogo, na ghafla likaja, pamoja na ganda tupu na baruti iliyomwagika juu ya komeo, ndani ya magazini na kwenye suruali yangu. Kichwa cha risasi kilikuwa kimebaki kimenasa mwanzoni mwa mtutu. Watu kumi na zaidi walisimama nyuma ya mstari wakinitazama, huku yule mzee, ambaye kwa kweli alinifanyia upole nisioustahili, akikitoa kwa ufito wa kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu, akigonga taratibu kama daktari wa meno. Ilituchukua dakika ishirini hivi. Kwangu zilikuwa kama mwezi wa Ramadhani uliokosa magharibi.

Nilikwenda dukani moja kwa moja, baruti ikiwa bado kwenye suruali, na hapa ndipo nilipoharibikiwa zaidi kuliko kule uwanjani. Muuzaji yuleyule, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, aliniambia kwamba bunduki za kuvuta moja kwa moja ni mchezo wa Waswisi, kwamba Wakanada walijaribu zao zinazoitwa Ross wakazitupa, na kwamba kwa mtu kama mimi ingekuwa heri kununua bunduki iliyo rahisi. Mtu kama mimi. Nimeligeuza neno hilo kichwani kwa wiki kadhaa na sijui alikusudia lafudhi yangu, rangi yangu, umri wangu au suruali yangu. Sikumjibu. Mtu aliyelelewa Tanga hujifunza mapema kwamba akijibu akiwa na hasira anampa mwenzake ushindi, lakini nakiri kwamba kunyamaza kule kuliniuma zaidi kuliko kujibu.

Kuhusu Ross, niseme hapa nilichopaswa kusema pale. Ni kweli kwamba mwaka 1915, katika matope ya Ypres, Ubelgiji, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Kanada walilazimika kupiga makomeo kwa mateke ya buti, na wengine waliziokota bunduki za Lee-Enfield za Waingereza waliokufa. Ni kweli pia kwamba komeo la Ross liliweza kuunganishwa visivyo na likamrudia mpigaji usoni. Lakini wadunguzi wao waliendelea kuipenda hata baada ya jeshi kuiacha, na makosa ya bunduki moja ya Kanada hayawi ya fundi wa Bern, Uswisi. Muuzaji alikuwa ananitajia historia ili asiulizwe habari za sanduku lake.

Nyumbani nilifanya alichopaswa kufanya yeye. Niliisimamisha risasi yake kando ya GP11 ya mwisho niliyokuwa nayo, na bila kipimo chochote niliona kwamba yake imetoa kichwa mbele zaidi, tena kilichonenepa hadi karibu na ncha. Nikakipaka masizi ya mshumaa, nikaiingiza polepole kwa mkono mpaka ilipogota, na ilipotoka ilikuwa na alama za mifereji ya mtutu pande zote. Chemba ya K31, yaani tundu inamokaa risasi, ilichongwa kulifuata umbo la GP11 kwa ukaribu wa ajabu, haina nafasi ya ziada mbele ya kichwa cha risasi, na kila anayejaza risasi zake kwa bunduki hii anajua kwamba lazima akidumbukize kichwa ndani zaidi kuliko ilivyo desturi. Muuzaji hakujua, au alijua akauza.

Hapo hasira yangu ingekamilika vizuri, kama nisingeendelea kufikiri. Komeo lilinionya. Liligoma, nami nikalipiga kiganja. Katika Mauser mkono ungeshuka kwa uzito, ningeuhisi ule uzito kifundoni na huenda ningesimama. Katika K31 kasi ileile ninayoisifu ilinificha onyo. Isitoshe, Mauser unapoinua mkono wa komeo, mteremko wa chuma hulilegeza ganda kwa nguvu kabla hujaanza kuvuta, lakini hapa nguvu hiyo ni ndogo zaidi, na ganda likishikamana unategemea misuli yako. Huo ni upungufu wa kweli wa ukoo huu mzima, na anayewaambia haupo anawauzia kitu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kutoa nyota mbili. Kisha rafiki mmoja wa Ohio akanitumia GP11, zikiwa kwenye vibanio vyao vya kadibodi na bati vinavyobeba sita sita, nikarudi uwanjani asubuhi ya baridi iliyoning'ata masikio. Komeo liliteleza kama siku ya kwanza. Risasi sita, yadi 100, na matundu yote ningeweza kuyafunika kwa kikombe cha kahawa ya Kiswahili, kile kidogo kisicho na mkono. Mzee msimamizi alikuja kutazama, akaomba avute komeo mara moja, kisha akaomba tena.

Basi nyota nne, ingawa jana nilipokuwa nakwangua baruti iliyobaki chini ya magazini nilifikiria tatu. Chini ya bamba la kitako nilikuta karatasi yenye jina la askari wa Kiswisi aliyekabidhiwa bunduki hii kabla yangu, na nimeirudisha palepale. Sanduku la risasi kumi na tisa bado liko kwenye buti la gari langu. Nitalirudisha dukani Jumamosi, pamoja na GP11 moja na kipande cha mshumaa, na safari hii ataniangalia usoni.