Boliti ya sampu "inayoingia Toyota zote": uzoefu wangu na duka moja la spea Dodoma

Nyota moja, na hata hiyo naitoa kwa shingo upande.

Duka lenyewe silitaji jina. Liko pande za Majengo, linauza spea za Toyota na mchanganyiko wa magari mengine, na wenye magari ya zamani tunalijua kwa sababu linafungua hata Jumapili. Filta wanazo, oili wanazo, plagi wanazo. Ninachokilalamikia ni boliti moja ya kumwagia oili, ile inayofunga tundu la sampu (bakuli la oili chini ya injini), na namna muuzaji alivyoiuza.

Gari ni Corolla AE110 ya shemeji yangu, injini 5A-FE. Aliamua kumwaga oili mwenyewe nyumbani kwake Ipagala, jambo zuri kabisa. Kichwa cha boliti ya zamani kilikuwa kimeviringika kwa spana mbovu za miaka yote hiyo, akaona ajinunulie mpya. Alikwenda dukani na ile ya zamani mkononi, akaomba wazilinganishe. Muuzaji hata hakuigusa. Alichota boliti kwenye kopo, akaitupa kaunta, akasema, "Inaingia Toyota zote hizo," akageukia mteja mwingine.

Ni uongo. Boliti ya sampu ya Toyota hizi ni M12 × 1.25, yaani unene milimita 12, na kutoka jino moja hadi la pili milimita 1.25. Aliyouziwa ilikuwa M12 × 1.5, meno ya nati za matairi ya Toyota. Unene ule ule, rangi ile ile, kichwa cha spana namba 14 vile vile. Tofauti ni robo milimita kwa kila jino, na robo hiyo inajumlishwa: jino la pili tayari ni nusu milimita. Ndiyo maana boliti ya namna hii inakudanganya. Mzunguko wa kwanza inaingia kwa vidole, wa pili inakuwa nzito, unadhani ni uchafu. Unaweka spana. Boliti ni chuma kigumu kuliko nati iliyochomelewa ndani ya sampu, kwa hiyo inaanza kuchimba njia yake. Unahisi inakaza vizuri, kisha ghafla inalegea na kuzunguka bure. Ukiitoa unakuta nyuzi za chuma zimejiviringa kwenye meno yake. Hizo ndizo meno ya sampu yako.

Na mtu anayesema "zote" kwenye duka la spea anajua anachezea mali za watu. Honda nyingi ni M14 × 1.5. Subaru za injini EJ ni M20 × 1.5. Hakuna boliti ya sampu inayoingia zote, na hata ndani ya Toyota lazima uangalie.

Kupima hakuhitaji mashine. Chukua boliti ya zamani na mpya, zilaze meno kwa meno, uzielekeze kwenye mwanga. Kama ni saizi moja, zinakumbatiana urefu wote na hupati upenyo wa mwanga. Kama siyo, utaona mianya. Ni sekunde tano. Sekunde tano ambazo muuzaji aliona mteja hastahili! Ya Toyota ikiwa kwenye pakiti yake ina namba 90341-12012, na washa yake (pete ya kuzuia kuvuja) ni 90430-12031. Ukiwa chini ya gari, kanuni ni moja: boliti sahihi inaingia kwa vidole mpaka washa iguse sampu. Spana ni ya kumalizia tu, kama robo mzunguko kwa spana fupi, ambayo ni kati ya Nm 30 na 40 kwa mwenye spana ya kipimo. Vidole vikishindwa mapema, rudisha nyuma. Usiongeze bomba kwenye spana.

Meno ya sampu ya shemeji yalipokwisha hivyo, tulirudi dukani na boliti zote mbili. Nikaziweka kaunta meno kwa meno, mwanga unapita katikati, kila mtu anaona. Jibu la muuzaji: "Fundi wenu hajui kazi. Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Alisema bila kuinua macho kwenye simu. Shemeji ni mtu mzima, ana mvi, amesalimia vizuri, na anaitwa hajui mbele ya wateja kwa kosa la mwenye duka. Mpaka sasa nikiandika hapa damu inachemka.

Halafu, bila aibu, akataka kutuuzia dawa ya ugonjwa aliouleta yeye: boliti ya kujichongea meno, ile nene kidogo yenye mikato pembeni, ambayo unaisukuma kwa spana inajitengenezea njia. Nilitaka kuandika kwamba ni takataka. Kwa haki, siyo takataka kabisa. Kwenye sampu ya chuma, meno yakiwa yamekwisha na uko Manyoni jua linazama, itakufikisha Dodoma. Ile yenye boliti ndogo katikati ni afadhali zaidi, kwa sababu kubwa haifunguliwi tena, unamwagia oili kwenye ile ndogo. Lakini ina ubaya wa aina tatu. Vumbi la chuma inalochonga linadondokea ndani ya sampu. Ni rahisi iingie imepinda, na ikipinda washa hailali, unapata tone lisiloisha. Na ikishindwa, tundu limeshapanuka, marekebisho ya baadaye yanakuwa magumu. Sampu ya aluminiamu usiijaribu nayo kabisa, inapasua. Hatukuinunua.

Naandika tulichofanya, maana wapo wengi wenye tatizo hili na wanashauriwa mambo ya hatari. Kwanza gari halikuwashwa. Watu wanaambiwa wazungushie tepu ya bomba la maji, au wapake sabuni ya kipande kama wanavyoziba tangi la petroli. Oili ya injini inapata joto la nyuzi 100 hivi, sabuni haistahimili, na tepu ikikatika vipande vyake vinaishia kwenye chujio la pampu. Wala usitegemee taa nyekundu ya dashibodi ikuonye. Taa ile haipimi kiasi cha oili, inawaka presha ikishaanguka karibu na sifuri. Ikiwaka unaenda Kibaigwa kwa mwendo wa 100, beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) zimeshakaa bila oili, na hapo ndipo injini inanoki, yaani inagonga kwa ndani.

Tungekuta meno matatu au manne mazima, ingetosha kupitisha tapu (chombo cha kuchonga meno ndani ya tundu) ya M12 × 1.25 iliyopakwa grisi ili ikamate vumbi la chuma, kumimina nusu lita ya oili safi kwa juu tundu likiwa wazi isukume mabaki, na kufunga boliti sahihi na washa mpya. Yetu yalikuwa yamefagiliwa yote.

Kwa hiyo sampu ilishuka. Kwenye gari hili unafungua bomba la mbele la eksozi kwanza, kisha boliti na nati ndogo za namba 10 kuzunguka sampu. Gari likae kwenye stendi, siyo jeki peke yake, na udongo wetu wa kichanga uwekewe mbao chini ya stendi, la sivyo inazama upande mmoja. Sampu usiichokonoe kwa bisibisi kubwa, ukingo ukipinda utavuja maisha yake yote. Pitisha kisu chembamba pole pole kwenye silikoni inayoibandika kwenye injini.

Fundi mchongaji wa Chang'ombe aliipima nati ya ndani, akaona ukuta wake bado mnene, akaitoboa kwa drili ya milimita 12.5 sampu ikiwa imebanwa sawasawa, kisha akachonga M14 × 1.5. Tapu anaipeleka nusu mzunguko, anarudisha robo, na oili kidogo. Ikawa inapokea boliti ya sampu ya Honda na washa yake ya aluminiamu ya milimita 14, vitu vinavyopatikana mji mzima. Huyu ndiye fundi. Alinionyesha kila hatua bila kuulizwa mara mbili, na hakumwita mtu mjinga.

Ukuta ungekuwa mwembamba, njia ingekuwa kuikata nati na kuchomelea mpya. Hapo sampu lazima iwe nje na imeoshwa, maana mvuke wa oili unashika moto. Kipimo chake: paka chaki nje ya weldi, mimina mafuta ya taa ndani, acha saa nzima. Mafuta ya taa yanapenya tundu ambalo oili haipenyi, na chaki itaonyesha doa.

Kabla ya kurudisha, osha sampu kwa dizeli ikauke, na safisha chujio la pampu. Silikoni iwe ile nyeusi ya oili, uzi wa milimita 3 hadi 5, upite upande wa ndani wa matundu ya boliti. Ukirundika, ziada inajikamua kwenda ndani na kuziba chujio. Funga ndani ya dakika chache, kaza kwa kupishanisha pande, kidogo kidogo, boliti hizi ndogo zinakatika. Acha ilale usiku mzima kabla ya kutia oili.

Kwenye filta, hakikisha raba ya ile ya zamani haijabaki imeganda kwenye injini. Raba mbili zikikutana, presha inazisukuma nje na unamwaga oili yote kwa muda mfupi. Paka oili raba mpya, kaza kwa mkono. Injini hii inabeba karibu lita 3 pamoja na filta. Tia mbili na nusu, pima, ongeza taratibu. Ikizidi, krenki inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi. Kabla ya kuwasha toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) ili injini isiwake, piga stata kwa sekunde chache mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe fyuzi na kuwasha. Iungurume dakika moja, zima, subiri tano, pima tena. Usiku laza karatasi ya katoni chini ya sampu. Mchanga wa Dodoma unakunywa tone la oili hulioni, katoni haifichi kitu. Na andika M14 kwa rangi nyeupe kando ya tundu, ili fundi ajaye asilazimishe M12.

Oili chafu iende kwenye dumu, mpe fundi seremala apake mbao dhidi ya mchwa. Usimwage korongoni. Mji huu unakunywa maji ya visima vya Makutupora, maji ya chini ya ardhi.

Sasa haki ya duka. Filta waliyotuuzia ilikuwa nzuri, haijavuja hata kidogo, na bei yake haikuwa ya kuumiza. Washa ya aluminiamu pia tuliinunua hapo hapo, na kijana wa stoo ndiye aliyetoka nje kutufuata, akiwa na kipimo cha kaliper, akapima boliti ya Honda mbele yetu, akaomba radhi kwa niaba ya bosi wake. Kwa ajili yake niliwaza kuwapa nyota tatu. Duka lenye kijana wa hivyo linaweza kuwa duka bora Dodoma nzima.

Lakini hapana. Kijana hana sauti pale. Kaliper ipo stoo, muda wote ilikuwepo stoo! Muuzaji angeiomba tu, sampu ingebaki nzima, shemeji asingelala bila gari, na gharama ya kuchonga, silikoni na lita 3 za oili mpya isingekuwepo. Anayo zana ya kupimia na anachagua kusema "inaingia". Hilo siwezi kulisamehe kwa filta nzuri.

Nimerudisha nyota moja. Hela ya boliti bado namdai, na ya fundi pia ningemdai kama kungekuwa na risiti. Kopo lile bado liko kaunta, boliti za matairi na za sampu zimechanganywa. Ukilazimika kununua hapo, beba boliti yako ya zamani, muulizie kijana wa stoo, na pesa isitoke mfukoni kabla hajapima.